Mtalii wa Ghorofa ya Nne

Bibi alikuwa anakunja nguo za mtoto, mashati upande huu, suruali upande ule, soksi mbili mbili, ndipo shati la tano lilipopita katikati ya viganja vyake likaanguka sakafuni. Akainama kuliokota. Vidole vikapita kwenye kitambaa kama vinapita kwenye moshi. Akajaribu mkono wa kushoto, ambao kwa kawaida huchelewa kidogo, nao ukapita.

"Mama, umeanza kufanya kazi?" binti yake aliuliza kutoka jikoni.

"Nakunja tu."

"Kukunja ni kazi."

"Mbona nimekunja manne bila shida?"

"Kwa hayo manne, watu wa uhamiaji walikuwa hawajakuona."

Hii ilikuwa safari yake ya saba katika nchi ile, na viza yake ilikuwa na maandishi yale yale ya siku zote: MTALII. HARUHUSIWI KUFANYA KAZI. Kwenye fomu ya ubalozi palikuwa na visanduku vinne: utalii, biashara, masomo na matibabu. Cha kuwa mama au bibi hakikuwepo, na yeye, mtu wa kufuata maelekezo, alitia alama kwenye kile kilichokaribia ukweli. Safari ya kwanza, ufagio ulimpita mikononi siku ya nne. Safari ya tatu, binti akiwa bado mwanafunzi, ilikuwa zamu ya pasi; ilibaki mezani ikiunguza blauzi huku mkono wake ukiwa ndani yake. Mkono haukuungua. Mtalii ana bima.

Hakuwa na chuki na nchi ile. Alikwisha kuutazama mnara wake mara nne na makumbusho mara mbili, na aliona kwamba mtalii anapendwa kweli: anaonyeshwa njia, anaulizwa kama amefurahi, anatabasamiwa na watu asiowajua. Kwa maoni yake, mapenzi hayo yalitokana na tiketi ya kurudi. Yeye mwenyewe, kule kwao, kwenye cherehani yake, alimchangamkia zaidi mteja wa kupita. Kwa hiyo hakuona pa kulaumu.

Ila safari hii palikuwa na mtoto wa kike wa miezi mitatu. Baba yake alikuwa amenyimwa viza mara mbili, na huko aliko alikuwa anakusanya barua kwa ajili ya mara ya tatu. Likizo ya uzazi ilikuwa inaisha Jumapili, na kituo cha kulelea watoto kilikuwa na nafasi baada ya miezi mitano. Binti alisafisha vifaa vya upasuaji hospitalini. Asiporudi Jumatatu, kazi ingekwenda. Kazi ikienda, kibali cha kuishi kingeifuata, na miaka yake tisa pale ingeishia kwenye masanduku mawili.

Wakajaribu juu ya kitanda kama Bibi angeweza kumlea. Bibi alimbeba mjukuu vizuri tu, akamwita mke mwenza, akamwonya asijisumbue, mzee alikuwa wake kwanza. Mtoto akacheka. Binti akatoka nje na kufunga mlango, ili waone itakuwaje asipokuwepo. Mtoto akashuka polepole katikati ya mikono ya bibi yake, akatua kwenye mto, bado anacheka.

Ijumaa walikwenda ofisi ya uhamiaji, wakachukua namba, wakasubiri. Karani wa dirisha la sita alikuwa na mafua. Aliwasikiliza hadi mwisho.

"Mikono inapita yote au nusu?"

"Yote," Bibi alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa." Akafungua kijitabu. "Mama mtoto akiwepo, wewe ni mgeni unayembusu mjukuu. Akiwa kazini, wewe ni yaya. Yaya anahitaji kibali."

"Sasa mwanangu, nifanyeje?"

Karani akapenga kamasi, akafunua ukurasa mwingine. "Mtalii anaruhusiwa kugusa kivutio kwa muda wote anaokishangaa."

"Kushangaa tu?"

"Kwa dhati. Kujifanya hakukubaliki." Akateremsha sauti. "Mama yangu aliweza saa mbili. Lakini yeye alikuwa na kisukari."

Jumamosi na Jumapili wakafanya mazoezi. Walitandika magodoro na mito nyumba nzima. Ikaonekana kwamba mtoto lazima atazamwe kama kitu ambacho mtu ametoka mbali kuja kukiona. Bibi akiwaza chupa, mikono ililegea. Akiwaza kwamba huyu amelowa, mtoto alishuka. Kuogesha hakukumpa taabu. Kilichomtesa ni nepi.

"Shangaa, mama," binti alisema, saa mkononi.

"Nishangae nini hapa? Nimebadilisha watano."

"Basi huyu ni wa sita. Uliwahi kufika sita?"

Hilo likafaa.

Jumatatu binti akaondoka alfajiri. Bibi alivaa viatu vya matembezi, akatundika simu shingoni, akaanza. Kufika saa nne alikuwa amemaliza masikio yote mawili na kucha za mikono. Saa sita alichoka, mtoto akashuka mara tatu, mara ya tatu akiwa usingizini. Bibi akakaa kando ya godoro akimtazama, maana kutazama hakukukatazwa. Kisha akaona unywele mmoja wa nyusi ambao asubuhi haukuwepo, na mikono ikarudi.

Wiki ya tatu alikuwa anafikisha saa saba. Tatizo lilikuwa moja: kitu kilichokwisha kushangaliwa hakikubeba uzito mara ya pili. Aliandika ofisi ya uhamiaji mara mbili kuomba siku tisini zake ziongezwe. Jibu lilikuja kwa adabu, likimshukuru kwa kuitembelea nchi na kumtakia matembezi mema.

Siku ya ishirini na tisa, jioni, binti alirudi miguu imevimba. Akavua viatu, akajipaka mafuta. Bibi akapiga magoti mbele yake, na mikono ikapita hadi kwenye zulia.

"Acha, mama. Kukanda ni kazi. Kuna watu wamesomea."

"Hebu nyamaza kidogo."

Mchana ulikuwa umemmaliza. Akautazama mguu wa kushoto. Kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko kidole gumba. Mguu huu aliwahi kuufunika wote kwa kiganja kimoja. Leo ulisimama kwa muda wa saa kumi kwenye sakafu ya watu, kisha ukapanda ngazi za ghorofa nne. Mikono ikashika. Akakanda vidole, unyayo, kisigino.

"Unashangaa nini huko?" binti aliuliza, macho amefumba.

"Namba ya kiatu."

Binti akacheka kwa sauti, na mtoto akaamka chumbani akilia. Bibi akashika ukingo wa kiti, akainuka, goti moja kwanza.

"Na huu wa kulia?"

"Huo wa kesho," Bibi alisema, akaenda kumtazama mtoto.