Ukingo wa Kulia

Televisheni mpya ililetwa asubuhi, na kufikia adhuhuri watu wote waliomo ndani yake walikuwa wamenenepa. Mtangazaji wa habari alikuwa na mabega ya mpagazi. Gari dogo lilikatiza barabara likiwa refu kama basi. Mshonaji aliketi kwenye kochi, rimoti mkononi, akawatazama wakielea mbele yake, na hakuona kosa lolote. Kioo kikubwa, watu wakubwa.

"Wamevutwa," baba yake alisema kutoka kiti cha dirishani. "Picha imevutwa kama shuka fupi kwenye kitanda kipana."

"Lakini imejaa kioo kizima, Baba. Si ndiyo raha yake?"

Mzee alikuwa fundi wa fremu za picha miaka arobaini, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, na hata sasa akiingia nyumba ya mtu hunyoosha picha za ukutani kabla hajasalimia. Mwaka wa pili huu alikuwa anaishi hapa kwa binti yake. Walielewana katika mambo madogo: chai, dawa, dirisha lifungwe au lisifungwe. Jambo kubwa walilizunguka kila siku, kama watu wa mtaa wanavyozunguka shimo wanalolijua.

Jambo kubwa lilikuwa harusi. Mzee hakumtaka yule dereva wa lori aliyemposa binti yake. Aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba hataketi kwenye harusi ile, na siku ilipofika kiti cha baba wa bibi harusi kilibaki kitupu. Bibi harusi alikitazama mara nyingi kuliko alivyomtazama bwana harusi. Miaka thelathini na moja imepita, dereva mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, na kile kiti bado kilikuwa kifuani mwa mshonaji. Yeye alimtunza baba yake vizuri, asingetokea jirani wa kumsema. Lakini yeye aliyeshonea nusu ya mtaa hakuwahi kumshonea mzee hata leso tangu siku ile. Alikuwa akimnunulia nguo dukani, na mzee alikuwa akizivaa bila neno. Ukaidi wao ulikuwa wa kurithishana, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuutua.

Pamoja na televisheni, binti wa mshonaji, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameacha flashi ndogo. Kanda ya harusi, iliyotazamwa mpaka ikaanza kukwaruza, ilikuwa imehamishiwa humo.

"Picha ikikaa vibaya, Mama, ingia kwenye mipangilio, tafuta umbo la picha," alisema akikimbilia zamu. "Usiogope kubonyeza. Haiumi."

Mchana ule, walipokwisha kula, mshonaji alivuta pazia lake la zambarau. Jua likapenya kitambaa, chumba kikaingia rangi ya zabibu, na vumbi likawa linapanda taratibu hewani kana kwamba nalo lilikuwa na mahali pa kwenda. Cherehani ilikuwa kimya pembeni. Akachomeka flashi.

Mume wake akatokea akicheka. Yule mwembamba wake, ambaye suruali zake zote ilibidi azipunguze kiuno, alikuwa mpana kama kabati. Mshonaji alihisi uchungu wa ghafla, mkali, kama amechomwa sindano chini ya kucha. Watu wa habari na wanenepe watakavyo, lakini si huyu.

Akaingia kwenye mipangilio. Palikuwa na "Jaza", ndiyo iliyokuwapo. Akabonyeza "Kuza", mumewe akakatwa kichwa, kikabaki kidevu na tai. Akarudi upesi, kwa aibu kidogo. Akabonyeza "4:3". Picha ikajikusanya katikati, mistari miwili mipana myeusi ikasimama kushoto na kulia, na marehemu akawa mwembamba tena.

"Kumbe kioo chenyewe kinabaki kitupu pande zote!" mshonaji alisema.

"Kiache hivyo hivyo. Picha haikatwi ili ifuate fremu. Fremu ndiyo inakatwa ifuate picha."

Chini yake palikuwa na mstari mwingine: "Onyesha kingo zote". Umeandikwa "Hapana".

"Na hiki ni nini tena?"

Mzee alifurahi kuulizwa. "Fremu yoyote inakula picha, mwanangu. Ule mdomo wa ndani unaoshika kioo unafunika upana wa ukucha kila upande. Wateja nilikuwa nawaambia, usiandike jina pembeni kabisa, nitalila. Bila shaka hata ile televisheni yenu ya zamani ilikuwa inakula."

Akabonyeza "Ndiyo".

Picha ilipumua kidogo, ikarudi nyuma, na pembeni mwa ukumbi alioujua kwa moyo kukaongezeka vitu. Ncha ya benchi. Kiatu cha mtoto. Mkono wa mtu ukipeperusha leso, wa nani hajui. Kila kitu kilikwenda polepole katika ile nuru ya zabibu, na mshonaji akasogea mpaka ukingo wa kochi, rimoti ikiwa imeshikiliwa kwa mikono miwili. Akajiona mwenyewe, msichana, ameketi jukwaani. Akakiona kiti kitupu. Macho yake yalitaka kubaki pale kama kawaida yao.

Lakini ukingo wa kulia, kando ya nguzo, kulikuwa na kipande cha mtu, upana wa ukucha.

Uso haukuwamo. Palikuwa na sikio, bega, na upande mmoja wa koti la kahawia lenye mfuko wa kifuani. Mfuko ulikuwa upande wa kulia, na ndani yake kulikuwa na penseli.

Akasimamisha picha. Koti lile alilishona yeye akiwa na miaka kumi na saba, koti lake la kwanza. Alikuwa amelaza kitambaa kifudifudi, akaushona mfuko upande usio wake, akalia jioni nzima. Baba yake alilivaa asubuhi yake, akachomeka penseli yake ya kazi kwenye mfuko ule, akaenda zake karakana. Duniani koti la namna hiyo lilikuwa moja.

"Baba," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ulikuwepo?"

Mzee aliinama mbele, akakaza macho, akalitazama lile koti.

"Niliapa sitaketi," alisema. "Sikuketi. Nilisimama."

"Muda wote?"

"Mpaka wanazima taa."

"Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nami nilikuwa na hasira zangu nazitunza." Akayafuta macho kwa kiganja. "Nilikuwa nakuangalia, nikasema akigeuka tu, nitampungia. Hukugeuka. Ulikuwa unatazama kiti."

Mshonaji alilia, bila kujificha, kama alivyolia kwa ajili ya mfuko. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya khanga, akauvua utepe wa kupimia ulioshinda shingoni mwake siku zote.

"Haya, simama, Baba."

"Nisimame wapi tena?"

"Hapo hapo. Kwa kusimama nimeshajua hujambo."

Mzee akainuka kwa kujishika dirisha. Mshonaji akampima mabega, yamepungua inchi mbili nzima. Akampima mkono, akampima kifua, akiandika namba kwenye kisanduku cha televisheni kwa kuwa karatasi ilikuwa mbali.

"Mfuko niuweke upande gani?"

Mzee aliinua mkono wake wa kushoto, ukatetemeka hewani, ukatua kifuani, kulia.

"Pale pale," alisema.