Masharti ya Mjomba Fransisko

Nimekaa miaka kumi na tisa kwenye mlango wa Idara ya Uhandisi, na mlango ule nimeulinda kuliko askari wa benki. Wamekuja wenye suti, wamekuja wenye machozi, amekuja hata mmoja aliyezimia mbele ya meza yangu kisha akafungua jicho moja kuona kama nimeshtuka. Sikushtuka. Lakini watu waliokuja kuzungumza na Idara ya Uhandisi mambo ya posa nimewaona mara moja tu, mwaka tisini na nne, siku ya Ijumaa. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni, mume wangu anauliza kuna nini.

Naitwa Mwanaasha. Nilikuwa karani na mpiga chapa wa Dokta Godlisten, mkuu wa idara katika chuo kikuu kimoja hapa Morogoro. Hiyo ndiyo miaka ya soko huria. Viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja, mume wangu alishapunguzwa kazi, na kila mtu mjini alikuwa na mradi. Mimi nilikuwa na vitumbua kwenye droo ya chini ya meza ya serikali. Dokta Godlisten alikuwa na kuku wa nyama mia mbili nyuma ya nyumba yake. Hao kuku ndio walioleta tangazo, kama nitakavyoeleza.

Uhandisi haukuingilika hivi hivi. Aliyefaulu fizikia vizuri kidato cha sita alipangiwa moja kwa moja. Aliyekosa alipangiwa Kilimo, akasoma na wenzake mwaka mzima, na mwisho wa mwaka, kama alama zake zilikuwa za kutazamika, alijaza fomu ya kuhama. Kwenye fomu hiyo mkuu wa Kilimo alitia sahihi kwamba anakubali kumwachia mwanafunzi, na mkuu wa Uhandisi alitia sahihi kwamba anakubali kumpokea. Nafasi zilikuwa tano tu.

Watu walipojua kuwa kuna mlango wa nyuma, walianza kuleta ndugu. Walikuja mashangazi, walikuja wakwe, na siku moja akaja baba mmoja na magunia mawili ya chakula cha kuku. Dokta Godlisten ni mtu ambaye akiazima kalamu anairudisha na kifuniko chake. Yale magunia aliyaona kama tusi. Aliniita nipige chapa tangazo, nikalipiga kwa herufi kubwa na kulibandika kwa gundi mlangoni: MWANAFUNZI AMBAYE NDUGU YAKE ATAFIKA OFISI HII KWA HABARI YA FOMU YA KUHAMA, FOMU YAKE ITACHANWA. Wiki ile alichana mbili. Vipande nilifagia mimi.

Sasa huyo Modesta. Alikuwa binti wa Mgeta, mrefu, mkimya, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Fizikia ilimwangusha kwa sababu mwalimu wao wa fizikia aliacha kazi katikati ya kidato cha tano akaenda Dumila kuuza mitumba. Siku yake ya kwanza chuoni alikuja mezani kwangu.

"Shikamoo mama. Mlango wa kuingilia Uhandisi ni huu?"

"Marahaba. Ni huu, lakini si wako. Wewe ni wa Kilimo."

Nilikuwa mkali, sikatai. Lakini alirudi kila Ijumaa kwa mwaka mzima. Alikuwa ananunua kitumbua kimoja, anasimama kwenye ubao kusoma matangazo yote, hata lile la moto ukitokea, halafu anaaga. Siku moja nikamuuliza huo uhandisi una nini hata aukondee hivyo. Akasema kwao mashamba yamening'inia mlimani, na barabara ya malori iko chini kabisa. Kabichi zote zinateremshwa kichwani.

"Mama yangu amebeba miaka ishirini na miwili," akasema. "Shingo yake haigeuki tena. Nataka nitengeneze kamba na magurudumu, makapu yashuke yenyewe."

Siku hiyo nilimpa kitumbua cha pili bure, jambo ambalo sijawahi kumfanyia hata wifi yangu.

Mwisho wa mwaka alipata A ya hisabati na A ya fizikia. Mkuu wa Kilimo alimwachia kwa shingo upande. Uhandisi ilikuwa imebaki nafasi moja, na fomu zilikuwa zinafungwa Ijumaa saa tisa alasiri. Nikamwambia, leta fomu Ijumaa hiyo hiyo, weka mezani, usiseme neno, ondoka. Naye angefanya hivyo. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba wiki mbili nyuma alikuwa ameandika barua nyumbani.

Barua ile nilikuja kuiona. Ilisema hivi: "Bado sijaingia Uhandisi. Niko Kilimo kwa sasa. Mkuu wa Kilimo akikubali kuniachia, na mkuu wa Uhandisi akikubali kunipokea, nitahamia huko. Fomu nitaipeleka mwenyewe Ijumaa ya mwisho." Mtu mwingine angesoma akaweka pembeni. Lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Na mjomba wa Modesta, Mzee Fransisko, ndiye alikuwa mshenga wa parokia nzima. Nusu ya ndoa za Mgeta zilipita mkononi mwake. Yeye aliposikia kuna nyumba inayomwachia binti na nyumba inayompokea, na binti mwenyewe anazunguka na karatasi mkononi kujipeleka, alisimama akaagiza koti lake lipigwe pasi.

Ijumaa, saa nane na robo, mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee mwenye koti jeusi na mwavuli, na nyuma yake mama mmoja wa makamo mwenye khanga mpya. Walikuwa wamekuja na lori, juu ya kabichi, na jani moja bado lilikuwa begani mwa mzee. Mikononi hawakuwa na kitu, hata karoti moja. Nikadhani wamepotea.

"Hatujapotea, mama," mzee akasema, akavuta kiti. "Hapa si ndiyo kwa Uhandisi? Mimi ni mjomba wa Modesta. Huyu ni mama yake."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Nilirukia mlango wa Dokta nikahakikisha umefungwa, kisha nikamwonyesha mzee tangazo. Alilisoma lote kwa kidole, taratibu.

"Limeandikwa vizuri," akasema. "Nani kaliandika?"

"Mimi! Mzee, ondokeni haraka. Mtoto fomu yake itachanwa!"

"Hilo ni la watu wanaokuja kuomba. Sisi ni upande wa binti, mama. Upande wa binti hauombi. Tumekuja kutoa masharti."

"Lakini linasema kufika tu!"

"Sasa masharti nitayatuma kwa posta?"

Nilimshika mkono nimwingize kwenye stoo ya karatasi. Akakataa, akasema mshenga hafichwi stoo. Namvuta, anavuta, mwavuli ukafunguka katikati yetu, na wakati huo huo akaingia Modesta na fomu yake. Alipomwona mjomba wake, aliificha ile karatasi nyuma ya mgongo.

"Mjomba," akasema kwa sauti ndogo. "Umeniua."

Mlango wa ndani ukafunguka. Dokta Godlisten alisimama pale na miwani yake puani, akatazama mwavuli, akatazama mzee, akatazama tangazo kuona kama limedondoka. Uso wake ulikuwa umeshaanza kuiva. Lakini mzee ni mzee, na Dokta alilelewa vizuri na mama yake. Ilibidi hasira isubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Watoto? Nasikia unafuga kuku, nao hawajambo?"

Dokta ikambidi ajibu yote, mpaka kuku. Kisha akauliza mzee amekuja kwa shida gani.

"Sina shida," akasema Mjomba Fransisko. "Nasikia nyumba hii inataka kumchukua binti yetu. Basi lazima tusikilizane. Huyu hapigiwi kelele, hakuzoea. Akikosea aelekezwe. Muwe na mwanamke mtu mzima wa kumwangalia." Hapo akaninyooshea mwavuli. "Huyu anafaa, ingawa ana mikono ya nguvu. Na mkimchoka, msimfukuze. Tuiteni, tumchukue wenyewe kwa heshima."

Dokta alinyoosha mkono akachukua fomu kutoka kwa Modesta, akaishika kwa vidole viwili kila upande. Mshiko ule niliujua. Modesta naye aliujua, maana vipande vya wenzake alishaviona kwenye ndoo yangu. Machozi yakamtoka bila sauti, nami nikachukia sana, nikamchukia Dokta na tangazo lake na mimi niliyelipiga chapa.

"Mzee, nasikitika," akasema Dokta. "Utaratibu wa ofisi hii ni mmoja kwa wote. Siwezi kumpokea."

"Unamkataa?"

"Namkataa."

"Haya. Ni haki yako, wala hatugombani." Mzee akafunga mwavuli wake, akakaa vizuri. "Sasa taja kasoro."

"Kasoro gani?"

"Kwetu nyumba ikimkataa binti, inataja kasoro iliyoiona, hapa hapa, mama yake akisikia. La sivyo kesho watasema tuliwaficha jambo. Ni mvivu? Mdokozi? Ana mdomo?"

Dokta akateremsha macho kwenye fomu aliyokuwa anataka kuichana. Nilimwona anasoma alama, moja baada ya nyingine, akitafuta. Yule bwana hawezi kusema uongo hata kwa mwenye nyumba wake.

"Hana kasoro," akasema mwishowe. "Kasoro ni wewe, mzee. Hukutakiwa kuja hapa."

"Mimi?"

"Wewe."

Mjomba Fransisko alifikiri kidogo. Kisha akasimama, akatoa lile jani la kabichi begani, akaliweka mezani kwangu. "Ni mimi nitakayekuja kusoma hapa?"

"Hapana."

"Basi nikatae mimi. Mashahidi ni hawa. Mimi Fransisko nimekataliwa, na sitakanyaga ndani ya ua huu mpaka naingia kaburini. Yeye hana kasoro, umesema mwenyewe. Mchukue."

Nadhani Dokta alikuwa anatafuta njia ya kutoka, kwa sababu alimgeukia mama wa Modesta, aliyekuwa kimya dirishani muda wote akiutazama mlima.

"Na wewe mama, unasemaje?"

Yule mama akageuka. Hakugeuza kichwa. Aligeuka mwili mzima, miguu kwanza, kisha mabega na kichwa pamoja, kama watu wanapogeuza kabati.

"Mimi sina neno, baba," akasema. "Nimemleta."

Dokta aliitazama ile shingo. Halafu akageuza fomu upande wa pili, kule chini ambako mwanafunzi anaandika sababu zake, na ambako nijuavyo mimi hakuna mkuu wa idara aliyewahi kusoma. Akasoma.

"Kamba," akasema. "Kamba ya urefu gani?"

"Mita mia tatu na arobaini, Dokta," Modesta akajibu, pua imejaa. "Nimepima kwa hatua, mara tatu."

"Mteremko?"

"Nyuzi thelathini na moja. Nilipima kwa kipima pembe cha shule, na uzi, na kokoto."

"Na kapu la juu likishuka, ni nini kitalizuia lisikimbie?"

"Kapu tupu linalopanda, Dokta. Lakini halitoshi. Hapo ndipo nimekwama."

"Hapo ndipo kila mtu anakwama," akasema Dokta, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sauti yake ilikuwa na raha. Akachukua kalamu yangu, akatia sahihi. Saa ya ukutani ilikuwa inasema tisa kasoro dakika nne. Kisha akamtazama mzee. "Lakini neno lako nimelishika."

"Lishike," akasema Mjomba Fransisko akiwa mlangoni. "Bado jembe."

"Jembe gani tena?"

"Nyumba inayochukua binti hutoa jembe. Si lazima leo."

Mahafali yao yalikuwa mwaka tisini na saba. Kamba ilikuwa imeshafungwa kule Mgeta, na breki yake, na kabichi zilikuwa zinashuka zenyewe. Mama Modesta alikaa mstari wa mbele kwenye turubai. Mjomba sikumwona. Nikatoka nje kumtafuta, nikamkuta ng'ambo ya geti, amesimama kando ya mtaro na koti lake na mwavuli, anasikiliza vipaza sauti.

"Ingia, mzee. Nani anakumbuka mambo yale?"

"Mimi nakumbuka," akasema.

Nilitaka kumgombeza, lakini nilishindwa, maana kulia kulinitangulia. Nikarudi nikamnong'oneza Dokta Godlisten. Sherehe ilipokwisha alishuka jukwaani na joho lake jekundu, akapitia karakana, akatoka na jembe jipya. Watu walimpisha njia wakidhani ni sehemu ya sherehe. Alipita geti, akavuka mtaro, akalitoa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Nimechelewa."

Mjomba Fransisko alilipokea, akapima makali kwa kidole gumba, akatikisa mpini.

"Unacheza," akasema. "Na hii ndiyo Idara ya Uhandisi?"

Modesta, na joho lake na kofia, akalichukua, akaugonga mpini kwenye ukingo wa mtaro mara tatu, akamrudishia. Mzee akatikisa tena. Haukucheza.

Mpiga picha alituita tuingie ndani, penye maua. Mama Modesta akageuka mwili mzima, akamwambia maua yabaki huko huko. Picha tulipiga pale kando ya barabara, geti likiwa nyuma yetu. Ninayo sebuleni, na miguu ya mzee iko nje ya geti yote miwili.