Meno Kwenye Nishani ya Marijani

Babu yake mama yangu, Marijani, alikuwa baharia, mtia makaa kwenye manuari ya Waingereza. Aliacha nishani mbili za fedha. Moja ya vita vya Misri, ambavyo hakupenda kuvitaja. Ya pili alipewa kwa kuokoa watu: meli ilipanda mwamba, akajifunga kamba kiunoni, akaogelea, akawatoa watu mmoja mmoja. Hiyo ndiyo aliyoipenda.

Nilikuja nazo Omani, nikakaa nazo hapa Nizwa. Juzi mjukuu wangu Huwaida akanambia kuna maonyesho ya mabaharia kule Sur, wenye maonyesho wanataka kuziazima. Tukazipeleka sokoni kwa sonara Khelef, mtoto wa Unguja kama sisi, azing'arishe.

Ya vita ilikuwa safi. Ya kuokoa akaigeuza, akacheka.

"Bi Zabibu, kwenu panya wanakula fedha?"

"Panya wako wanakula nini, halua?"

"Nitapitisha tupa hapa ukingoni, haya mabonde yaondoke."

Nikamnyang'anya. "Hii haiguswi, wala haiendi Sur."

"Bibi!" Huwaida akanivuta mtandio. "Tukipeleka ile peke yake, watu watamjua babu kwa vita tu."

Kweli tupu. Nikakaa kitako kwenye kigoda cha sonara.

Nyumbani kwetu Unguja, mtoto akiota meno alivishwa nishani ile shingoni, aitafune. Fedha ina ubaridi, inatuliza ufizi, na tukitaraji baraka ya yule aliyetoa watu majini imlinde. Mwanangu wa mwanzo aliitafuna mpaka ukingo ukabonyea. Vijino viwili vya chini. Homa ikamchukua hata hajatambaa. Picha hakupigwa. Kaburi lake liko Unguja, nami tangu tulipoondoka sijarudi. Nikimtamani, huweka ncha ya kidole pale alipouma.

Huwaida hakuyajua haya. Nikamwambia pale pale, sonara akisikia.

Khelef akaiweka tupa chini. "Basi nitaifuta kwa kitambaa tu, mama yangu."

"Na wakishaitazama, irudi," nikasema.

"Itarudi, inshallah." Huwaida akakinga mkono. Sikumpa. Akachutama mbele yangu. "Bibi, akiitwa nani?"

"Adil."

Miaka yote hapana aliyeniuliza.

"Adil," naye akasema, polepole, kama anamwita.

Nikamtia nishani kiganjani, nikamfumba vidole.

Sasa ziko Sur. Huwaida anasema zimewekwa ndani ya kioo, watu wanapanga mstari, wanamsifu babu. Nafurahi, wallahi. Lakini anasema hapana anayeruhusiwa kugusa, nami kutazama hakunitoshi.