Nusu Kikombe

…nusu tu, mkono umegoma, chai imefika katikati ya kikombe na chupa imejiinua yenyewe, na miguu nayo imeshajitanua, mmoja mbele mmoja nyuma, magoti yamelegea, kana kwamba gati hili la zege litakata kona wakati wowote, na Gethin ameona, hakosi kuona huyu, "Bi mkubwa, hapa ni nchi kavu," anasema, "hapaendi popote hapa," na anacheka, lakini kikombe amekiacha hewani mbele yake, hakipeleki mdomoni, kwa sababu swali alilomuuliza mama yake bado halijajibiwa, aliliuliza kama mtu anayeuliza kama kuna sukari, ukisema nibaki nabaki, Mama, sema neno moja tu, Eusebio anataka jibu kabla behewa halijashuka melini, na Glenys badala ya kujibu akafungua chupa ya chai, ndiyo tabia yake, akibanwa anamimina, hata siku alipoambiwa kwamba mumewe, Alun, hatatoka hospitali aliwamiminia manesi, nusu nusu, na kwenye matanga ya Alun padri naye akapewa nusu, akaitazama, akadhani nyumba ile ina dhiki, akaacha mfuko wa viazi mlangoni… sio dhiki, baba padri, ni kazi, ni miaka yote ile nyuma ya kaunta ya behewa la chakula, Swansea mpaka London na London mpaka Swansea, ukijaza kikombe treni ikiinama chai yote iko kwenye suti ya mtu, na mwenye suti anataka kujua jina lako… sema neno moja, anasema, na neno lenyewe ni dogo, limeshafika ulimini, limekaa hapo kama peremende, baki… na juu yao behewa linaning'inia, behewa lake, si la mwingine, analijua kwa kile kibonyeo ubavuni chini ya dirisha la jiko, limefungwa mikanda kama mgonjwa, upepo wa bandari hii ya Yarmouth umelizuia njiani, halijafika melini wala haliko tena gatini, Clive mkuu wa wapakiaji ameinua mkono, "Tulieni kwanza, upepo upite," na wote wametulia, na meli imetulia, na huko Meksiko iliko reli inayongoja treni hizi kuukuu za Waingereza nako labda wametulia… kuukuu, nani angeamini, treni iliyokuwa fahari ya nchi, watoto walikuwa wanaikimbilia mpaka kwenye uzio, leo wenyewe tumeichoka, inanuka dizeli, ina kelele, tumeletewa mpya ambazo milango yake inafunguka yenyewe huku ikilia pi pi pi, na wanaume kama Gethin, waliokuwa wakiweka sikio kwenye injini na kujua inaumwa wapi, wamepewa kubadilisha vichujio vya viyoyozi, hasemi kitu, lakini mama anajua, mtu anayekula mkate bila kuuliza umepakwa nini hana raha… miaka miwili huko Meksiko, alisema, labda mitatu, kuzitunza injini na kuwafundisha vijana wa huko, na Glenys alijibu vizuri sana siku ile, alisema hongera, akaenda kuosha masufuria yaliyokuwa safi… lakini si wako wengine, mafundi wengine, wenye mama wenye wajukuu na waume na mbwa, kwa nini achukuliwe wa kwake, na huyo Eusebio wala si mtu mbaya, ingekuwa rahisi angekuwa mbaya, yuko pale amejikunyata ndani ya koti la kuazima, ametumwa kutoka Meksiko kuja kuzipokea treni, na asubuhi alijifungia ndani ya behewa hili hili, akapapasa mlango mzima, kitasa hakuna, akagonga kioo, wapakiaji wakavunjika mbavu mpaka Gethin alipopanda, akateremsha dirisha la mlango, akatoa mkono nje, akazungusha kitasa cha nje, "Ndivyo zinavyofunguliwa hizi, bwana," na Eusebio akamtazama, "Uko ndani, unatoa mkono nje, ndipo utoke?" "Ndiyo." "Na mliona sawa?" "Hatujawahi kuuliza," akasema Gethin, na wakacheka wote wawili, na kile kicheko cha Gethin, Mungu wangu, kilitoka tumboni, kicheko cha Alun kabisa, hajakisikia tangu msiba, na badala ya kufurahi alimwonea yule mgeni wivu, ndiyo, wivu, mtu mzima kama yeye, kwamba mgeni amekitoa kwa kitasa cha mlango na yeye ameshindwa kukitoa kwa chakula cha kila Jumapili… akiondoka nani atakuja Jumapili, nani atapanda kusafisha mfereji wa bati, si mfereji, usijidanganye, Glenys, mfereji atasafisha yeyote, ni ule mlango wa nyuma, anavyousukuma kwa bega kabla ya kuita, bega kwanza, halafu "Mama," halafu harufu ya dizeli, na hata dizeli yenyewe haipo tena, siku hizi ananukia sabuni…

…na darajani nako, alipokuwa mtoto, Gethin alikuwa ameshika kikombe hivi hivi, hapana, hilo Glenys hakuliona, aliambiwa na mama mkwe wake, Olwen, kwamba kila siku anambebea mtoto maziwa kwenye kikombe cha bati, wanapanda daraja la waenda kwa miguu juu ya reli pale Pyle kusubiri treni ya mama, na yeye ndani ya jiko anasikia magurudumu yanavyobadilisha sauti, anaacha kila kitu, mpishi anapiga kelele Glenys, nyama inaungua, iungue, anachukua kitambaa cha vyombo, kile cha miraba myekundu, anakibandika kwenye kioo kwa viganja vyote viwili, ili mtoto ajue mama yuko dirisha gani, na anaona daraja, na vichwa viwili juu yake, kirefu na kifupi, na basi, wamekwisha, ni ukuta, ni majani, ni nyumba za watu… jinsi alivyokuwa akiomba iharibike, treni nzima, abiria wote, iharibike kidogo tu pale chini ya daraja, atoe mkono nje afungue mlango ashuke kwenye kokoto na aproni yake, lakini wapi, haikuharibika pale hata siku moja, ilikuwa treni nzuri mno… na Olwen akamwambia, "Hataki kushuka yule mtoto. Treni imeshapita zamani, namvuta, anashika vyuma. Mpaka reli zinyamaze kabisa," na Glenys akaenda akajifungia chooni, kwenye treni hiyo hiyo, akalia mpaka kituo cha Reading, karibu kufika London, na tangu siku ile amekuwa akitembea na yule mtoto kifuani, mtoto anayeng'ang'ania vyuma akimlilia mama anayekwenda zake, na sasa ndiyo zamu imegeuka, mwenye kwenda ni yeye, mwenye daraja ni mimi, na mimi hakuna wa kunivuta mkono kunipeleka nyumbani… baki, basi, sema, ni neno moja, yeye mwenyewe amelitaka, ataliheshimu, ni mtoto mwema, na hapo ndipo ubaya ulipo, atabaki kweli, atakuja kila Jumapili na ile sabuni yake… na Clive anasogea kuota mvuke wa chai, anaangalia juu, "Hili ndilo la mama?" na Gethin anasema ndilo, dirisha lile, alikuwa anabandika kitambaa, mimi niko darajani na bibi, na Clive anasema, "Maskini. Ulikuwa unalia?" na Gethin, "Nilie nini?" … nini, amesema nini… "Mama yangu mimi alikuwa anapita kwa kasi, mama wa mtu mwingine hajawahi kupita vile. Shuleni nilikuwa nawaringia wote." "Lakini akishapita?" "Akishapita ndipo penyewe. Nasikiliza injini. Ile sauti inavyokwenda, inashuka, inashuka, ukiziba mdomo vizuri unaisikia mpaka Bridgend, kituo kinachofuata. Bibi ananivuta namwambia subiri, bado iko…" alikuwa anasikiliza… hakuwa analia, alikuwa anasikiliza… na huyo aliyembeba miaka yote hii ni nani, basi, mtoto yule wa machozi ametoka wapi, kumbe pale juu alikuwa amesimama mwingine kabisa, ameziba mdomo, amefurahi, na yeye hajawahi kukutana naye, na inauma, inauma kuliko ilivyouma ile habari ya kwanza, kwa sababu machozi ya chooni yalikuwa ya kweli na yalikuwa ya mtu mmoja, yake peke yake… hakuwahi kutaka treni isimame, ni mimi niliyetaka isimame, yeye alitaka ipite, ipite kwa nguvu zake zote, na asikie mpaka mwisho… na hapo juu mikanda inalia kidogo, behewa linajizungusha, dirisha la jiko linamgeukia, tupu, limejaa mawingu, na Clive mkono wake bado uko juu, na Eusebio bado amejikunyata, na kikombe bado kiko pale pale hewani, Gethin anamtazama mama yake, hamharakishi, amesimama na shingo imeinama upande mmoja hivi, hivi hivi ndivyo anavyoisikiliza injini, na Glenys anautazama mkono wake mwenyewe, chupa ya chai, na kitambaa alichoifungia isipoe, cha miraba myekundu, si kile, kile kilikwisha zamani, lakini hajawahi kununua cha rangi nyingine, na lile neno liko ulimini bado, tamu bado, analimeza, linashuka vibaya, na mkono unaelekea tena kwenye kikombe, unamimina, unafika katikati na unataka kujiinua na yeye anaukatalia, mimina, hapaendi popote hapa, inapanda, inapita pale ambapo haijawahi kupita, mpaka ukingoni, inamwagikia kidole cha mwanawe, naye hatingishiki, anamwangalia tu, na Glenys anasema, "Jua la kule si la hapa. Umenunua kofia?"