Rangi ya Bolti

Katika karakana yetu kila fundi ana rangi yake. Akishakaza bolti huitia doa, ili hitilafu ikizuka ujulikane mkono uliopita hapo. Sheria hiyo niliitunga mimi, msimamizi. Rangi yangu ni nyeupe. Ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni nyekundu.

Gari la daktari wa mifugo lilikuwa limerudi mara ya tatu. Likipanda mlima linaishiwa nguvu, taa ya injini inawaka, na mashine ya kusoma hitilafu inataja neno lile lile: umeme unaodhibiti turbo, feni inayoisukumia injini hewa. Shemeji ndiye aliyebadilisha vali ya turbo juma lililopita. Nami nilimwambia Tajiri, mwenye karakana, bila kupepesa macho, "Huyu ndiye aliyeharibu." Tajiri akakata shauri: ikithibitika, saa sita shemeji akusanye vifaa vyake aende zake.

Ilikuwa saa tano na nusu.

"Nikifukuzwa, shemeji, tunahamia kwako," alisema akinishikia taa. "Dada yako ameshachagua chumba."

"Shika taa. Mdomo hauangazi."

Fyuzi ilikuwa nzima. Nikachomeka ncha za testa ya umeme nyuma ya plagi ya vali: volti kumi na mbili kamili. Niliivuta plagi aliyoifunga yeye. Ilikuwa imeshika kama kupe. Nakiri, sikufurahi.

"Washa injini. Kanyaga mafuta."

Injini ilipotikisika, namba kwenye testa ilianguka hadi sifuri, ikarudi, ikaanguka tena. Basi waya ulikuwa ukikatika njiani. Nikamwamuru azime injini, swichi aiache imewashwa, arudi na taa. Nikaufuata waya kwa vidole, nikiutikisa shubiri kwa shubiri, naye akiisoma testa.

"Kumi na mbili... kumi na mbili... Hapo! Sifuri!"

Vidole vyangu vilikuwa chini ya kibanio cha bomba la hewa. Waya ulikuwa umebanwa, ganda lake limechanika. Taa ikasogea. Juu ya bolti palikuwa na doa jeupe.

Nikakumbuka. Mwezi uliopita nilikikaza kibanio kile huku nikimkemea shemeji kwa uzembe.

Viatu vya Tajiri vilisikika vikishuka ngazi. Mkononi nilikuwa na tambara lenye petroli. Kufuta doa ni kazi ya pumzi moja. Shemeji alilitazama tambara, kisha akanitazama mimi. Hakufanya mzaha, na hilo ndilo lililoniuma.

"Haya," akasema Tajiri, "ni nani?"

Nikalitupa tambara. "Shemeji, sogeza taa Tajiri aone. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Waya niliubana mimi. Saa sita hiyo ni yangu."

Tajiri aliinama, akaitazama bolti.

"Unga waya kwanza," akasema. "Ya saa sita tutayasema saa sita."

Alipoondoka, shemeji alinipa koleo. "Ukihamia kwangu, ujue watoto wanakoroma."

Niliunga waya, nikakaza bolti, nikaitia doa jeupe.