Pini Zilizoingia Bila Hodi

"Fundi, unavuja damu!"

Mwalimu aliruka kutoka kwenye kistuli, gauni lake jipya likiwa limepindwa upande mmoja tu. Fundi, aliyekuwa amepiga magoti akimpimia urefu, akatazama sakafuni. "Damu gani tena, mwalimu wangu? Usinitie kiwewe."

"Tumboni kwako!"

Akainama kujiangalia. Nguo yake ya kijivu ilikuwa na doa jekundu, na doa lilikuwa linakua. Kila fundi ana pake pa kuchomeka pini: wengine kwenye kimto cha mkononi, wengine mdomoni, Mungu awasamehe. Yeye kwa miaka kumi na tisa huzichomeka kwenye nguo yake, chini ya kitovu, bila hata kutazama. Zamani pini ikimgusa ngozi tu, mtaa mzima ulijua. Leo zilikuwa saba, na tatu zimezama hadi vichwani.

"Mama yangu wee!"

Akazichomoa moja moja, kama anachomoa kwenye kimto. Hakusikia chochote. Hapo ndipo alipomwita dada yake.

Dada yake akaiacha cherehani, akaja mbio na kitambaa kumfuta. "Si ulisema ganzi imeisha?"

"Nilisema itaisha."

"Miezi minane, jamani!"

Miezi minane tangu apasuliwe, akaondolewa ngozi iliyolegea baada ya watoto wanne. Na tusidanganyane, tumbo lilitoka zuri. Hata mashoga waliomsema walikuja kulichungulia kwa kisingizio cha kushonesha. Fundi akampigia simu papo hapo nesi wa hospitali alikopasuliwa. Nesi akamjibu kwa upole mno, na upole huo ndio uliomvunja nguvu. Vimishipa vya fahamu vilikatwa pamoja na ngozi. Kwa wengi hisia hurudi. Kwa wengine kuna kipande hakirudi tena. "Iliandikwa kwenye fomu uliyotia sahihi, dada."

Fomu! Aliitia sahihi huku anajitazama kwenye kioo.

Akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akapandisha nguo yake. Akapitisha ubapa wa mkasi chini ya kitovu. Kimya. Akajifinya mpaka pakaiva. Kimya. "Tumbo langu mwenyewe," alinong'ona, "limenisusa."

Pazia likatikisika kwa chini. Kitindamimba wake, wa miaka minne, alikuwa amerudi kutoka chekechea. Kabla ya kidonda, mchezo wao ulikuwa mmoja: mtoto hubandika midomo tumboni kwa mama na kupuliza mpaka itoke sauti ya aibu, na mama hucheka hadi machozi. Halafu akakatazwa. Leo alilikuta tumbo liko wazi.

"Mama, fumba macho."

Akafumba. Akangoja, roho juu. Ikaja sauti, sauti peke yake, na ndipo akacheka.

"Umechelewa!" mtoto akalalamika. "Narudia." Akavuta pumzi, mashavu yakamjaa.

Safari hii fundi alifumba jicho moja tu, ili ajue ni lini acheke.