Sabuni ya Kutokea Eda

Mwaka wa nne tangu Witu ichomwe moto, mume wangu alifariki hapa Kau, nami nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila udi, bila mafuta, bila sabuni. Kilichonipa subira ni ile siku ya kutoka. Wanawake wa mji huja asubuhi kumwosha mjane uani, na macho yao yote huwa kwenye sabuni, maana ndiyo inayosema kama mjane ana mtu au hana. Binti yangu Arafa, aliyeolewa Lamu, aliahidi kuniletea mche mzima. Mimi Mwanaarusi sikuzaliwa kusuguliwa kwa majivu kama chungu.

Mkwe wangu alikuwa habari nyingine. Mwanangu Buya aliwapita wasichana wote wa Kau na Chara akaenda kuoa Qabale, mtoto wa wafugaji wa Garsen. Sikumpenda, wala sikujisumbua kuficha. Alitembea uani kana kwamba nyuma yake wanafuata ng'ombe thelathini, na nguo zake zilinuka moshi wa vibuyu vya maziwa.

Siku kumi kabla ya eda kwisha, nilimwona dirishani akichoma lundo la maganda ya ndizi. Nilipomwuliza, akasema anapika sabuni. Hajawahi hata kuiona ikipikwa. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Wema alimweleza kwa mdomo, tena mara moja. Nikajua anajipikia yeye, apate kunukia mbele ya mwanangu. Nikavuta mkeka karibu na dirisha. Mjane hana ngoma ya kwenda, na hii ilinitosha.

Alijaza majivu katika kikapu kikuukuu, akakiweka juu ya chungu. Yakabaki maji ya kumimina juu yake, yachujikie chunguni na ukali wa majivu. Sasa, mto wetu wa Kau una maji mawili. Bahari ikijaa, hupanda mpaka kwetu, maji yakawa ya chumvi na yakafika karibu na nyumba. Hayo twaogea na kufulia. Ikipwa, mto hurudi kuwa mtamu, lakini uyafuate maji katika tope la magotini. Hayo ndiyo ya kunywa. Na sabuni haishikani kwa maji ya chumvi. Nilijua hilo tangu usichana wangu. Huko Garsen mto huenda upande mmoja tu, kama akili za watu wake.

Qabale akaja mlangoni. "Mama, majivu hii inataka maji ya mtungi ama ya mto, hii imejaa?"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakuwahi kukaa nyumba moja na Qabale.

"Weye ndiye fundi," nikamwambia. "Mai ni mai."

Akanishukuru, akaenda kuteka maji yaliyojaa.

Alipika tangu asubuhi hadi alasiri, kwa shahamu ya ng'ombe aliyoletewa na kaka yake Jatani. Mwiko aliushika kwa mikono miwili kama fimbo ya kuchungia. Maji ya majivu yakamrukia mkononi, ngozi ikababuka. Hakulia, jambo lililoniudhi zaidi. Mafuta yakakaa juu, maji chini, na katikati mabonge ya kijivu. Kesho yake akapika tena, ikawa vile vile. Jirani yetu, mama Shee, akachungulia juu ya ua akauliza kama fisi leo wanapikiwa uji. Nikacheka mpaka mbavu zikauma, kicheko changu cha kwanza tangu kufiwa.

Siku moja kabla ya kutoka, Buya alirudi kutoka Kipini, alikokwenda kupokea mzigo wa Lamu. Alileta salamu za Arafa, salamu tele, hata za paka.

"Na sabuni?"

"Amesema umuwie radhi, mama. Amesahau."

Binti niliyemzaa mwenyewe. Usiku ule sikula.

Asubuhi wanawake wakaja. Nikaketi uani juu ya kigoda, nimeinamisha kichwa. Mama Shee akauliza, kwa sauti ya kufika Chara, sabuni iko wapi.

Qabale akatoka jikoni na bakuli. Yale mabonge alikuwa ameyakanda yakawa donge moja. Mkono wake ulifungwa kitambaa.

"Nilipika ya wewe, mama, ya leo," akasema. "Imekataa kidogo. Maji ya mtungi niliacha. Ile ni ya kunywa yako."

Mama Shee akaligusa donge, akaonja kidole. "Nani aliyemfundisha huyu kutia mai ya chumvi?" Uani kote wakacheka, kicheko kile kile nilichokicheka mimi dirishani. Qabale akatazama chini. Angeweza kunitaja kwa neno moja. Hakunitaja.

"Ni mimi," nikasema. "Aliniuliza, nikamwambia mai ni mai."

Kicheko kikakatika. Nikalichukua donge nikajipaka mbele yao. Halikutoa povu hata chembe. Lilinata, na maji yakateleza juu yangu kama juu ya jani la mgomba. Qabale akanisugua mgongo kwa mkono wake mzima.

Nilinuka shahamu siku tatu. Waliokuja kunipa mkono wa kutoka eda walikunja pua wakauliza ni kitu gani kile, nami nikawaambia nimejipikia mwenyewe.